Mkono wa mpiga gitaa: Maumivu si ada ya sanaa

Wazazi wa hapa Shelui wakiniuliza kuhusu gitaa, swali huwa karibu lilelile: "Daktari, kijana wangu tangu shule zifungwe hashiki kitu kingine, vidole vimeota sugu. Nimnyang'anye?"

Jibu langu la kwanza ni hapana. Sugu kwenye ncha za vidole si ugonjwa. Ni ngozi inayojikinga, kama inavyojikinga kwenye kiganja cha mkulima wa alizeti anayeshika jembe tangu alfajiri. Ikiwa sugu ni kavu, haina usaha wala wekundu unaosambaa, iache ilivyo.

Kinachonitia wasiwasi ni kile ambacho kijana hamwambii mzazi. Hasemi kwamba usiku huamka mkono umekufa ganzi, wala kwamba kikombe cha chai humponyoka asubuhi. Hasemi kwa sababu ameambiwa na waliomtangulia kwamba kuumia ndiyo ada ya kujifunza, na asiyevumilia hafiki mbali. Maneno hayo yameharibu mikono mingi, na ndiyo ninayotaka tuyajadili wiki hii.

Kazi kubwa ya vidole vidogo

Gitaa lina historia ndefu katika masikio yetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi huko Katanga kijana aliyeitwa Mwenda Jean Bosco. Bosco alipiga gitaa kavu, dole gumba likishika sauti nzito huku kidole cha shahada kikicheza sauti nyembamba, hata mtu mmoja akasikika kama wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa kwa muda Nairobi, akasikika redioni, na wapigaji wengi wa Afrika Mashariki wakaiga vidole vyake.

Huko Ulaya, Andrés Segovia wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1893, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kulipeleka gitaa la klasiki kwenye kumbi kubwa za dunia. Mpigaji wa klasiki hutumia dole gumba, shahada, cha kati na cha pete, kila kimoja kwa zamu yake, huku mkono mwingine ukibana nyuzi shingoni mwa gitaa. Muziki wa Bosco na wa Segovia haufanani, lakini mbele ya daktari mikono yao inafanana: ni mikono inayorudia mwendo mdogo, kwa usahihi mkubwa, mara nyingi mno.

Piga hesabu. Mtu akigusa nyuzi mara nne kwa sekunde, kwa saa moja atakuwa amezigusa mara 14,400. Akifanya mazoezi saa tatu, ni zaidi ya mara 43,000. Hakuna fundi cherehani wala mkamua ng'ombe anayedai vidole vyake vifanye hivyo bila kupumzika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Misuli mingi inayovivuta iko kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Inavivuta kwa kamba ngumu ziitwazo kano. Kwenye kifundo, kano tisa hupita pamoja na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu ndani ya njia nyembamba kama handaki. Ukikunja kifundo sana, au kano zikivimba kwa kazi nyingi, handaki linabana na mshipa wa fahamu ndio unaoumia. Ndiyo maana mtu hupiga kwa vidole, lakini maumivu akayasikia kwenye kifundo au karibu na kiwiko.

Ganzi si uchovu

Mshipa huo ukibanwa, dalili zake zina mpangilio. Ganzi na kuchomachoma hukaa kwenye dole gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Huzidi usiku, na mgonjwa huamka akikung'uta mkono ili upate nafuu. Ukiachwa muda mrefu, nyama iliyo chini ya dole gumba hunywea na mkono hushindwa kufunga vifungo vya shati.

Tatizo hili si la wapiga gitaa peke yao. Wajawazito hulipata, pia wenye kisukari na wenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri. Kwa hiyo mpigaji mwenye ganzi akija, hatuishii kumwambia apunguze gitaa. Tunampima na sukari.

Ganzi ikikaa zaidi kwenye kidole cha mwisho na cha pete, tunatazama kiwiko, maana kuna mshipa mwingine unaopita hapo. Na katika nchi yetu kuna jambo ambalo daktari hapaswi kulisahau: ukoma. Ugonjwa huo hupenda kushambulia mishipa ya fahamu ya mikono. Baka la ngozi lililopauka lisilosikia mguso, au kuungua moto bila kusikia maumivu, ni dalili ya kufika kituoni mapema. Ukoma unatibika na dawa zake hutolewa bure. Mgonjwa anayefika mapema hubaki na vidole vyake vyote.

Maumivu mengine hukaa upande wa dole gumba, juu kidogo ya kifundo, na huuma zaidi ukikunja dole gumba ndani ya ngumi kisha ukaushusha mkono upande wa kidole cha mwisho. Mpiga gitaa huyapata kwa kubana shingo ya gitaa kwa nguvu. Mama aliyejifungua karibuni huyapata kwa kumnyanyua mtoto mara nyingi kwa siku. Wote wawili husaidiwa kwa kupumzisha dole gumba hilo, kubadili namna ya kushika, na mara nyingine kufungwa kifaa kinachotuliza kifundo.

Kidole kinapoacha kutii

Kuna tatizo lisilouma kabisa, nalo ndilo wapigaji wakubwa wanaliogopa kuliko yote. Mpigaji ana afya na nguvu zake, anaandika na anakula vizuri, lakini akishika gitaa kidole kimoja kinajikunja chenyewe. Anaongeza mazoezi, kinazidi kujikunja. Madaktari huita hali hii distonia. Hukadiriwa kumpata takriban mwanamuziki mmoja kati ya mia wanaoishi kwa kazi hiyo. Chanzo hakiko kwenye kidole, kiko kwenye ubongo. Sehemu za ubongo zinazoongoza vidole jirani, ambazo kwa kawaida zina mipaka, huanza kuingiliana baada ya miaka ya kurudia mwendo uleule.

Mmarekani David Leisner, mpiga gitaa la klasiki, alipatwa na hali hiyo mkono wa kulia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilimchukua takriban miaka 12 kurudi, naye alirudi kwa kujifundisha upya kupiga akitumia misuli mikubwa ya bega na mkono badala ya kuvibebesha vidole kila kitu. Liona Boyd wa Kanada, aliyekuwa na jina kubwa katika gitaa la klasiki, naye alipatwa. Alilazimika kuondoka jukwaani, na aliporudi baadaye alirudi akiimba huku akipiga vitu vyepesi zaidi.

Nawataja ili kijana ajue mambo mawili. Kwanza, kidole kisichotii si uvivu, si kurogwa wala si kukosa kipaji. Pili, kuongeza saa za mazoezi hapo ni sawa na kumwagia mafuta moto. Matibabu yapo, kama kujifundisha upya taratibu kwa msaada wa mtaalamu, na sindano maalumu za kulegeza misuli kwenye hospitali kubwa. Hayaponyi kila mtu, lakini anayekuja mapema ana nafasi nzuri zaidi.

Mchana mgodini, jioni na gitaa

Huku kwetu mpiga gitaa hali kwa gitaa peke yake. Eneo hili la Shelui na Sekenke lina dhahabu iliyochimbwa tangu enzi za Mjerumani, na vijana wengi wanaopiga kanisani au kwenye kumbi za pombe hushinda machimboni. Mkono ulioshika nyundo na tindo saa nane unaenda kwenye mazoezi ya kwaya ukiwa tayari umechoka. Kano hazitofautishi kazi ya mgodi na kazi ya muziki. Zinajumlisha zote.

Wachimbaji wadogo wengi nchini hukamatia dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake hauonekani, lakini ukivutwa huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Dalili zake ni mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahau, na hasira zisizo na sababu. Mpiga gitaa anaweza kuwa wa kwanza kugundua, maana kazi yake haikubali mkono unaotetemeka. Kijana akisema vidole vinatetemeka, muulize anachoma dhahabu wapi kabla ya kumlaumu kwa pombe. Zebaki isichomwe ndani ya nyumba wala kwenye chombo cha kupikia. Wajawazito na watoto wasikaribie kabisa. Ichomwe mbali na makazi, kwa chombo kilichofunikwa kinachonasa mvuke.

Na kama ajali imekwisha kutokea, sikubali kumwambia mtu kwamba muziki umekwisha. Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910 na kupata sifa Ufaransa, aliungua mwaka 1928 gari lake la kuishi lilipowaka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho, viliharibika. Alirudi akipiga solo kwa vidole viwili tu, na dunia bado inamsikiliza. Mkono ulioungua unahitaji maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20 mara moja, si dawa ya meno wala asali. Baada ya hapo unahitaji mazoezi ya viungo mapema, kabla makovu hayajavifunga vidole.

Vidonge vya dukani

Ninapouliza, "Umetumia nini mpaka sasa?" jibu huwa diklofenaki. Kijana hununua dukani, humeza asubuhi aende machimboni, humeza tena jioni ili apige. Dawa hii ina kazi yake kwa siku chache na kwa ushauri. Ikimezwa kila siku kwa wiki nyingi inaweza kutoboa tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, hasa kwa mtu anayefanya kazi juani bila kunywa maji ya kutosha. Ubaya mwingine ni kwamba inanyamazisha maumivu wakati kano inaendelea kuchanika. Maumivu ni mlinzi wa nyumba, na ukimlaza kwa dawa huwezi kujua mwizi ameingia saa ngapi.

Sindano za kienyeji za "kuondoa maumivu" kwenye kifundo, zinazochomwa na mtu asiye na mafunzo, ni hatari zaidi. Usaha ndani ya mkono unaweza kuharibu kano zote kwa siku chache.

Masikio na barabara

Mpigaji anategemea pia masikio yake. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini ni kwamba sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa nane kwa siku, na kila ikiongezeka kwa desibeli 3, muda unakatika nusu. Sauti ya desibeli 94 ni saa moja, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Bendi yenye ngoma na spika kubwa katika ukumbi mdogo hufika hapo bila shida, na anayeshinda kwenye karasha la kusaga mawe huwa ametumia mgao wake wa siku kabla jua halijazama. Usikivu ukipotea kwa kelele haurudi. Sogeza spika zisielekee moja kwa moja kichwani, tafuta viziba masikio, na toka nje kupumzika kila baada ya nyimbo chache. Pamba ya kawaida haitoshi.

Jambo la pili ni safari. Salum Abdallah wa Cuban Marimba ya Morogoro alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa ambaye nyimbo zake bado zinapigwa redioni, alikufa kwa ajali Mombasa Januari 1979. Mwenda Jean Bosco naye alikufa kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu, chini ya mteremko wa Sekenke, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kikundi kikimaliza kupiga usiku wa manane, kilale hukohuko na kisafiri asubuhi. Msipakie watu juu ya vyombo vya muziki, na msimpe usukani mtu aliyekesha.

Mzazi afanye nini?

Najua baadhi ya wazazi wanaogopa gitaa kwa sababu wanaliona mlango wa uhuni. Hofu hiyo naielewa. Lakini kumbuka kwamba Remmy Ongala, aliyeitwa Dokta na wapenzi wake, alitumia gitaa na bendi yake ya Super Matimila kuhimiza matumizi ya kondomu kwa wimbo wa "Mambo kwa Soksi", wakati ambao wengi waliona aibu hata kulitaja jina la UKIMWI. Chombo ni kilekile. Inategemea nani anamlea anayekipiga.

Mtoto mdogo apewe gitaa dogo. Gitaa la mtu mzima humlazimisha kuinua bega na kukunja kifundo, na huko ndiko maumivu yanakoanzia. Nyuzi za nailoni, zilizoanza kutumika kwenye gitaa katika miaka ya 1940, ni laini kwa vidole vichanga kuliko za chuma. Nyuzi zisikae juu sana kutoka kwenye shingo ya gitaa. Fundi anaweza kuzishusha.

Aketi kwenye kiti kisicho na mikono, miguu ikigusa chini, mabega yamelegea, kifundo kimenyooka kadiri inavyowezekana. Apigaye amesimama asiuache mkanda ushuke mpaka mapajani, hata kama wasanii wa kwenye video wanafanya hivyo.

Kwa anayeanza, dakika 15 hadi 20 zinatosha, kisha apumzike, kisha arudi. Mtu mzima apige dakika 25, apumzike tano, akitembea na kulegeza mikono. Aanze na nyimbo za polepole kabla ya zile za kasi. Na kosa kubwa ninaloliona ni la misimu: kwaya ina mkutano wa Pasaka, basi mpigaji anaruka kutoka nusu saa kwa siku hadi saa nne ndani ya wiki moja. Aongeze kidogo kidogo, aanze mapema.

Mtoto akivimba vidole au akilia kwa maumivu ya mifupa, hasa akiwa na homa au weupe wa damu, usililaumu gitaa. Mlete apimwe, pamoja na kipimo cha selimundu.

Uje lini kituoni?

Njoo siku hiyohiyo ukiwa na kidole kilichovimba, chekundu, chenye usaha au kinachouma sana ukikinyoosha. Njoo mara moja pia mkono ukilegea ghafla, mdomo ukienda upande au maneno yakikwama, maana hicho ni kiharusi, na kila dakika ina thamani.

Njoo ndani ya siku chache ukiwa na ganzi inayokuamsha usiku, mkono unaoangusha vitu, mtetemeko mpya, baka lisilosikia, kidole kisichotii au mlio masikioni uliozidi siku moja. Maumivu ya kawaida yasiyopungua baada ya wiki mbili za kupunguza kazi nayo yaletwe.

Usisubiri rufaa ya mbali kichwani mwako ukakata tamaa. Mengi ya haya huanzia kwenye kituo cha afya: tunakuuliza, tunakushika mkono, tunapima sukari, tunakufundisha kulala kifundo kikiwa kimenyooka. Wachache huhitaji mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya mkoa. Wachache zaidi huhitaji upasuaji mdogo wa kulegeza lile handaki la kifundo, na ukifanywa kabla misuli haijanywea, wengi hurudi kupiga.

Segovia alifariki mwaka 1987 akiwa na miaka 94, na mwaka huohuo alikuwa bado amepiga mbele ya watu. Kipaji peke yake hakifikishi mkono umri huo. Unahitaji kupumzishwa unapochoka na kusikilizwa unapouma. Leo jioni, kabla hujamwambia mwanao anyamaze na gitaa lake au aendelee nalo, muulize swali moja tu: "Mkono unauma?" Akisema ndiyo, gitaa lipumzike, na asubuhi mje pamoja.